Klachi inateleza au gia zinagoma? Anza na waya kabla hujanunua pleti (uzi wa kurekebisha mwenyewe nyumbani)

#1 Mleta uzi, Lushoto

Habari za jioni wakuu.

Jana nikiteremka kwenda Mombo nilimkuta kijana wa bodaboda amesimama kwenye kona moja chini ya Soni. Gia ya kwanza imeingia, anavuta mafuta, injini inalia kwa nguvu zote, lakini pikipiki haipandi. Inatambaa tu. Harufu ya kuungua ilikuwa imetanda mpaka barabarani. Nilipogusa mkono wa klachi nikakuta umekaza kabisa, hauna ulegevu hata wa unene wa kucha. Nikazungusha ajasta ya pale juu (kile kirekebishi cha waya kwenye usukani) kwa vidole, mizunguko mitatu, tukakaa kivulini kama nusu saa injini ipoe, akapanda na gunia lake la karoti mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa ameshaambiwa kijiweni kwamba pleti zimekwisha, asubuhi aende akanunue seti mpya.

Nilifika nyumbani roho inaniuma, kwa sababu kosa hilo hilo liliniunguzia pleti zangu miaka michache iliyopita. Nilikuwa napenda klachi "iliyokaza", inayoitika ukiigusa tu. Fundi akanikazia nilivyotaka, nikafurahi, na haukupita msimu mmoja wa mvua pleti zikawa nyeusi kama mkaa. Hakuna aliyeniambia kwamba mkono wa klachi lazima uwe na ulegevu fulani kabla haujaanza kufanya kazi. Ulegevu huo ndio mafundi wanauita mchezo, na uzi huu wote ni wa huo mchezo.

Naomba nieleze kwanza klachi inavyofanya kazi. Ukishaelewa hapa hutahitaji kukariri kitu.

Ndani ya injini, upande wa kulia, kuna pleti zilizopangana kama chapati kwenye sahani: moja ya chuma kitupu, inayofuata ina vipande vya kushika, kisha ya chuma tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Springi zinazibana pamoja muda wote. Zikiwa zimebanwa, nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia, mnyororo na tairi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta kikono kidogo kilichopo kwenye kava ya injini, kikono kinazishinda nguvu springi, pleti zinaachana, na injini inazunguka peke yake bila kusukuma tairi. Hapo ndipo unapobadilisha gia.

Kwa hiyo kinachoshikisha klachi ni springi. Waya kazi yake ni kuachanisha tu. Wengi wetu tunadhani ukikaza waya klachi itashika zaidi, kumbe ni kinyume chake kabisa. Waya ukikazwa mpaka mchezo ukaisha, ni sawa na kuendesha kutwa nzima huku umevuta klachi robo. Springi hazizibani pleti sawasawa, pleti zinasuguana, zinapata joto, zinaungua. Ndicho kilichokuwa kinampata yule kijana wa Soni.

Upande wa pili nao una adhabu yake. Waya ukilegea kupita kiasi, unavuta mkono mpaka unagusa usukani na pleti bado hazijaachana vizuri. Utaona gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na pikipiki inaruka mbele. Ukiwa kwenye taa au makutano, nyutro haipatikani. Ukishikilia klachi na gia imeingia, pikipiki bado inataka kwenda. Hapo meno ya gia ndiyo yanayoumia, na gia ni ghali kuliko pleti.

Sasa kuhusu waya wenyewe. Ni waya mmoja wa nyuzi zilizosokotwa, unapita ndani ya ganda. Juu umeshikwa kwenye mkono wa klachi, chini kwenye kile kikono cha injini. Watu wanasema "nakaza waya" lakini waya haufupiki hata kidogo. Ajasta inachofanya ni kurefusha njia ya ganda. Ukiitoa nje, ganda linasukumwa, waya wa ndani unabaki na nafasi ndogo, ulegevu unapungua. Ukiirudisha ndani, ulegevu unaongezeka. Aliyewahi kurekebisha breki za waya za baiskeli ameshaielewa; ni kitu kile kile.

Vifaa: spana namba 10, 12 na 14 (zitakazotumika ni mbili, inategemea pikipiki), plaizi, rula ya mwanafunzi, kitambaa na oili kidogo. Basi.

Injini iwe imezimwa na imepoa. Weka stendi ya kati, usukani uwe umenyooka. Shika rula kwenye ncha ya mkono wa klachi, ile yenye kifundo mwishoni. Vuta kwa kidole kimoja taratibu. Mwanzoni mkono unakuja bila uzito wowote, halafu ghafla unahisi springi. Umbali kutoka mwanzo mpaka pale unapohisi uzito ndio mchezo. Kwa pikipiki nyingi ndogo tunazotumia huku, za cc 100 mpaka 150, ni milimita 10 hadi 20 pale kwenye ncha. Mimi naweka 15. Kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu. Usipime kwa macho. Nimeshawaona watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakikadiria 15, ukiweka rula unakuta ni 4.

Ukishajua namba yako, anza na ajasta ya juu, ile iliyopo kwenye usukani chini ya mpira. Sogeza mpira kando. Utaona vitu viwili: ajasta yenyewe, na nati nyembamba ya mviringo inayoifungia isijizungushe. Legeza nati hiyo kwanza. Mara nyingi vidole vinatosha. Ikigoma weka kitambaa ndipo ushike na plaizi, usiing'ate meno yake. Halafu zungusha ajasta: kuingia ndani kunaongeza mchezo, kutoka nje kunapunguza. Zungusha nusu, pima. Nusu tena, pima. Ukifika, shikilia ajasta kwa mkono mmoja isizunguke na ufunge nati kwa mkono wa pili.

Kama marekebisho ni makubwa, ajasta ya juu haitatosha. Irudishe ndani yote, kisha itoe mzunguko mmoja tu, uende chini kwenye injini. Pale ganda la waya linaishia na bomba lenye meno, limepita kwenye kishikio cha chuma, na lina nati mbili, moja kila upande wa kishikio. Legeza moja, kaza nyingine, bomba linasogea. Likisogea kuelekea kwenye kikono, mchezo unaongezeka. Likirudi nyuma, unapungua. Kwa ajasta hii ya chini pata mchezo wa kama milimita 15 kwenye ncha ya mkono, funga nati zote mbili zikutane na kishikio, halafu rudi juu umalizie kidogo kwa vidole. Chini ni kwa marekebisho makubwa, juu ni kwa madogo ya kila wiki.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: ajasta ya juu na nati yake vina mfereji wa kupitishia waya. Ukimaliza, hakikisha mifereji hiyo haijapangana mstari mmoja, na uelekeze wa ajasta chini. Ikipangana waya unaweza kuchomoka, na mfereji ukiangalia juu mvua inaingia moja kwa moja kwenye ganda. Huku kwetu Usambara mvua haina adabu, kwa hiyo nalisisitiza.

Kabla ya kurudisha mpira, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, pima. Kulia mpaka mwisho, pima. Mchezo usibadilike sana. Ukibadilika, waya umepita njia mbaya.

Halafu jaribu. Washa, acha injini ipate joto dakika chache, vuta klachi, ingiza gia ya kwanza. Pikipiki itulie. Achia taratibu, ianze kushika mkono ukiwa katikati ya safari yake, si mwanzoni kabisa wala mwishoni kabisa. Kuangalia kama inateleza: mahali pa wazi, gia ya tatu, shika breki zote kwa nguvu, achia klachi. Injini inatakiwa izime mara moja. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, usiigeuze mchezo wa jioni.

Yote hayo hayazidi nusu saa. Karibuni mliokwama, na mafundi karibuni mnisahihishe.

#2 Mdau, Njombe

Ubarikiwe mkuu. Yangu ni ule upande wa pili. Gia ya kwanza inaingia na kishindo kinachoshtua abiria, nyutro naipata kwa kuzima injini. Nimesoma uzi wako nikatoka nje nikazungusha ajasta ya juu, nimeitoa karibu yote, meno yanaonekana nje, bado. Na kuna kitu cha ajabu: asubuhi nikiwa naingia barabarani kutoka nyumbani huwa inasumbua zaidi kuliko nikiwa barabara iliyonyooka. Shida ni pleti?

#3 Mleta uzi, Lushoto

Mkuu wa Njombe, kwanza rudisha ajasta ya juu ndani leo hii kabla hujaendesha. Ikiwa nje kiasi hicho imeshikwa na meno machache, ukivuta klachi kwa nguvu inaweza kukatika au kung'oa meno ya kishikio. Ukiharibu kishikio cha kwenye usukani, ndiyo gharama imeanza.

Kisha naomba vitu vitatu. Mchezo ni milimita ngapi usukani ukiwa umenyooka? Ni ngapi ukiwa umegeuzwa kila upande? Na tatizo lilianza lini, kuna chochote kilichoguswa siku za karibuni? Usinunue pleti bado.

#4 Fundi, Morogoro

Nimekuwa gereji miaka mingi, na nimefurahi kuona mtu anafundisha watu kupima. Mteja aliyepima ananirahisishia kazi, haniibii riziki. Naongeza mambo ambayo mleta uzi hakuyagusa.

La kwanza ni oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Kuna oili za magari zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwenye gari hazina shida kwa sababu klachi ya gari ni kavu, ipo nje ya oili. Kwenye pikipiki dawa hiyo inafika kwenye pleti, na pleti zinaanza kuteleza hata kama ni mpya na waya umepimwa vizuri. Angalia mgongoni mwa kopo: oili ya pikipiki yenye klachi ya aina hii imeandikwa JASO MA, au MA2 (JASO ni alama ya viwango vya Kijapani). Kama imeandikwa MB, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya kuogelea. Nimewahi kuletewa pikipiki imebadilishwa pleti mara mbili na waya mara tatu, na ugonjwa ulikuwa kwenye kopo la oili.

Oili nzito iliyopoa nayo inafanya pleti zigandane kidogo. Kwa hiyo wenye baridi kama Njombe na Lushoto, kishindo kimoja cha asubuhi kabla injini haijapata joto si ugonjwa. Ikiendelea baada ya kilomita mbili tatu, hapo tuongee.

La pili: mchezo ukipungua wenyewe. Waya kwa kawaida unanyooka kidogo kidogo, hivyo mchezo huwa unaongezeka. Kama umeweka 15, hujagusa kitu, baada ya wiki kadhaa unakuta 8, kwenye injini nyingi za aina hii maana yake pleti zinapungua unene. Rekebisha waya uendelee kufanya kazi, lakini anza kuweka akiba ya pleti. Hiyo ni faida ya rula ambayo mleta uzi hakuisema: ukiandika namba kwenye daftari, pikipiki inakuambia hali yake mapema.

La tatu: mchezo upo sawa, oili ni sahihi, na bado inateleza gia kubwa ukivuta mafuta. Sasa ndiyo pleti au springi. Hapo waya umeshamaliza kazi yake, usiendelee kuulegeza ukidhani utasaidia. Na ukinunua pleti, pima springi pia. Springi zilizopata joto sana zinafupika na kuchoka, pleti mpya juu yake hazitabanwa.

Na tafadhali wakuu, msikate mpira wa pale juu kwa sababu unawasumbua kuusogeza. Ule ndio mwavuli wa waya.

#5 Dereva, Kericho

Salamu kutoka Kericho. Huku kwetu ni milima na majani chai, nduthi inabeba watu na magunia kutwa, na waya wa klachi ndio kitu nimebadilisha mara nyingi kuliko kingine chochote. Naomba niongee juu ya kuupaka oili, kwa sababu makanika wengi kwa stage hawana muda wa hiyo kazi.

Waya mkavu unakula ganda lake kwa ndani. Unaanza kuwa mgumu, mkono unachoka, halafu siku moja uzi mmoja unakatika pale karibu na kichwa cha juu, wa pili, wa tatu, mpaka wote. Huwa hauharakishi, unatoa notisi. Ukisogeza ule mpira na kuvuta mkono, angalia pale waya unapoingia kwa mkono wa klachi. Ukiona hata uzi mmoja umesimama kama unywele, nunua mwingine wiki hiyo hiyo.

Kupaka oili mimi nafanya hivi. Natoa waya juu, kwa kupanga mifereji ya ajasta na nati kwa mstari mmoja, halafu naufungua kwa mkono wa klachi. Zamani tulikuwa tunatumia kona ya mfuko wa plastiki, lakini tangu mifuko ipigwe marufuku hapa Kenya 2017 natumia kipande cha tyubu kuukuu. Nakizungusha kwa mdomo wa ganda kiwe kama kikombe, nakifunga na kamba ya tyubu, namimina oili ya cherehani au oili safi ya injini, kijiko kimoja hivi. Halafu nasukuma na kuvuta waya, oili inaingia. Naacha imesimama usiku mzima na gazeti chini. Asubuhi oili imetokea upande wa injini, hapo najua imepita yote. Kama inatoka nyeusi na kutu, narudia.

Usiweke grisi nzito ndani ya ganda. Inakusanya vumbi na asubuhi ya baridi inaganda. Grisi weka kidogo tu kwa kile kichwa cha waya kinachozunguka ndani ya mkono, na kwa bolti ya mkono wenyewe. Na kuna waya za siku hizi ambazo ganda lina bomba la plastiki kwa ndani. Hizo kama zimeandikwa zisitiwe oili, ziache.

Sasa ukikatikiwa njiani. Ilinipata usiku nikirudi, mvua inanyesha, mbali na stage. Nilishusha abiria nikamtafutia mwenzangu ambebe, kwa sababu hii si njia ya kubeba mtu. Niliwasha nikiwa nyutro, nikasukuma nduthi nikikimbia kidogo pale barabara inateremka, nikapanda, nikaingiza gia ya kwanza ikiwa tayari inatembea. Kubadilisha kwenda juu: achia mafuta kabisa, na wakati huo huo kanyaga gia, inaingia laini. Kushuka ni ngumu zaidi, kwa hiyo nilikaa gia ya pili mpaka nyumbani. Kusimama: tafuta nyutro kabla hujafika, kama hujaipata shika breki izime. Sipendekezi mjini kwenye magari. Ni ya kukutoa porini tu. Tangu siku hiyo nina waya mpya umekunjwa chini ya kiti, na hata mzee mmoja hapa kwetu mwenye Honda ya zamani isiyo na waya wa klachi nilimshawishi aweke wa breki.

#6 Mdau, Songea

Samahani kaka zangu, naomba kuuliza. Mimi ni mhudumu wa afya, naenda vijijini kwa pikipiki karibu kila siku. Klachi yangu ni ngumu sana, jioni kiganja kinauma mpaka kushika kalamu ni shida. Nilimwomba fundi ailainishe, akalegeza waya. Ikawa laini kweli pale mwanzoni, lakini sasa gia zinagoma kama za ndugu wa Njombe. Nifanye nini ili iwe laini bila kuharibu gia?

#7 Mleta uzi, Lushoto

Pole sana dada, na asante kwa kazi hiyo. Alicholegeza fundi ni mchezo, uzito uko pale pale. Ule ulaini unaousikia mwanzoni ni safari isiyofanya kazi yoyote. Springi ukizifikia zina nguvu ile ile. Kwa hiyo rudisha mchezo kwenye milimita 10 hadi 15, gia zitaacha kugoma.

Uzito dawa yake ni aliyoisema ndugu wa Kericho. Fanya jaribio hili: fungua waya kule chini, utoe kwenye kikono cha injini, halafu vuta mkono wa klachi. Hapo hakuna springi, mkono unatakiwa uje kama hewa. Ukiwa bado mzito, tatizo ni waya mkavu au umekunjika mahali. Utie oili, au uubadilishe. Na utazame bolti ya mkono wa klachi, ikiwa kavu au imekazwa mno nayo inaleta ugumu. Kama mkono ni mwepesi waya ukiwa nje, basi geuza kikono cha injini kwa mkono uone kama kinarudi chenyewe. Vingine vimejaa udongo pale kinapoingilia kwenye kava.

Jambo la viganja vidogo: sehemu nzima ya mkono wa klachi inaweza kuzungushwa kwenye usukani. Legeza skrubu zake, ishushe kidogo mpaka kifundo cha mkono wako kiwe kimenyooka na vidole unapoketi kawaida, kaza tena. Haipunguzi uzito wa springi, lakini unavuta kwa mkono mzima na siyo kwa ncha za vidole. Dada mmoja jirani yangu hapa alifanya hivyo na akaacha kufunga kiganja kitambaa.

#8 Mzee, Tanga

Vijana mmezungumza vizuri. Naongeza kwa ajili ya wenye zile Honda za zamani zisizo na mkono wa klachi, C70 na C90, ambazo bado zinatembea huku. Hizo hazina waya wa klachi lakini marekebisho zinayo. Kwenye kava ya klachi upande wa kulia kuna nati na skrubu katikati yake. Legeza nati. Zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja. Kisha irudishe kushoto polepole mpaka uhisi inagusa kitu. Hapo rudi kulia kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko, ushikilie skrubu isiondoke, funga nati. Sehemu moja ya nane ni kidogo sana. Mtu akizidisha ndipo gia zinaanza kupiga kelele. Yangu naigusa mara moja kwa mwaka.

#9 Mdau, Njombe

Wakuu nimerudi na majibu niliyoulizwa. Usukani ukiwa umenyooka: milimita 24. Nikigeuza kulia: 26. Nikigeuza kushoto mpaka mwisho: 41. Nimepima mara tatu. Nyumbani nikitoka nageuza kushoto kuingia barabarani, sasa naelewa kwa nini inasumbua pale zaidi.

Kilichoguswa: mwezi uliopita tangi lilitolewa kupakwa rangi.

#10 Fundi, Morogoro

Toa tangi. Waya umebanwa.

Kwa faida ya wengine: tangi linaporudishwa kwa haraka, ganda la waya huachwa juu ya chuma cha fremu badala ya pembeni, tangi linakaa juu yake. Ganda likibanwa au likikunjwa kona kali, njia ya waya inabadilika kila usukani unapogeuka. Ajasta haiwezi kutibu hilo hata uitoe yote. Fuata njia yake ya asili: kutoka kwenye mkono uzunguke mbele ya shingo ya usukani kwa kona pana, upite kwenye pete zake za chuma, ushuke pembeni mwa fremu kwenda kwenye injini bila kugusa ekzosi. Geuza usukani pande zote mbili huku unautazama. Usivutike, usikunjike.

#11 Mdau, Njombe

Nimetoka kulirudisha tangi sasa hivi, mikono bado ina oili.

Ndivyo ilivyokuwa. Ganda lilikuwa limelaliwa na tangi, limepondeka sehemu ya urefu wa kidole, mpaka nyuzi za chuma za ganda zinaonekana. Sikutaka kulinyoosha, nimenunua waya mpya, nimeutia oili kwa kipande cha tyubu usiku kucha kama alivyoelekeza ndugu wa Kericho, nikaupitisha pembeni mwa fremu. Ajasta ya juu nimeianza ndani na mzunguko mmoja, nikapata 16 kule chini, nikamalizia juu.

Usukani umenyooka 15, kushoto 15, kulia 14. Nimeandika kwenye daftari na tarehe.

Gia ya kwanza imeingia kwa mlio mdogo tu. Nyutro nimeipata injini ikiwa inawaka, mara tano mfululizo, mke wangu amesimama mlangoni anahesabu. Pleti sijanunua.